MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: LUGHA YA RIDHAA KATIKA MAFUNZO YA KIMATAIFA YA UTAFITI WA AFYA

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya lugha katika mipango ya kuwapeleka wanafunzi wa makundi ya wachache wa Marekani katika nchi za nje ili wajifunze utafiti wa afya. Mfano wetu mkuu ni mpango ulioanzishwa nchini humo mwaka 1993. Tunaonyesha kwamba mpango huo hauwezi kueleweka pasipo kukumbuka dhuluma waliyotendewa watu weusi wa Alabama kwa jina la sayansi, dhuluma ambayo silaha yake kubwa ilikuwa neno. Kisha tunachambua istilahi nne za Kiswahili zinazotumika, au zinazoelekea kutumika, katika fomu za ridhaa. Hoja yetu ni kwamba kazi hii ya lugha ni ya mwanafunzi wa Kiswahili, na kwamba akiiacha itafanywa vibaya na wengine.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kueleza neema inayoandamana na ujio wa mgeni: kuku atachinjwa, na watoto waliozoea mboga za majani watakula kitoweo. Katika utafiti wa afya methali hiyo hiyo inadai kuchukuliwa kwa maana yake ya wazi. Mgeni amekuja na kalamu, fomu na chupa ndogo za kutilia damu. Swali ni je, mwenyeji atapona?

Wanafunzi wengi wa Kiswahili hudhani kwamba swali hili ni la madaktari. Makala hii inapinga dhana hiyo. Kabla ya sindano kuingia katika mshipa wa mtu, sharti pawe na mazungumzo, na mazungumzo hayo hufanywa kwa lugha. Mtu akikubali jambo ambalo hakulielewa, hajakubali. Kwa hiyo mahali ambapo haki ya mshiriki wa utafiti hulindwa au huvunjwa ni katika sentensi, na sentensi ni mali yetu sisi tunaosoma lugha.

2.0 Chimbuko la Mpango

Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, zinazojulikana kwa kifupi kama NIH, zina idara inayoitwa Kituo cha Kimataifa cha Fogarty, iliyoanzishwa mwaka 1968 kushughulikia ushirikiano na nchi nyingine. Mnamo mwaka 1993 kituo hicho kilianza kugharamia mpango uliojulikana kama MIRT, ambao shabaha yake ilikuwa kuwafunza utafiti wa kimataifa wanafunzi wa makundi ya wachache: Wamarekani weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, Wahindi Wekundu na wenyeji wengine wa asili, pamoja na watu wa visiwa vya Pasifiki. Baadaye mpango ulihamishiwa katika kituo cha kitaifa cha afya ya makundi ya wachache, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2000 na kupandishwa hadhi kuwa taasisi mwaka 2010. Jina lake likabadilika kuwa MHIRT, na milango ikapanuliwa ili kuwaingiza pia wanafunzi waliotoka katika jamii maskini na za mashambani.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleza. Chuo kikuu cha Marekani kilipewa ruzuku. Chuo hicho kilichagua wanafunzi na kuwapeleka katika vituo vya utafiti vya nchi za nje, barani Afrika, Asia, Ulaya na Amerika ya Kusini, kwa kipindi cha wiki kumi hivi wakati wa likizo ndefu. Huko kila mwanafunzi alikuwa na msimamizi mwenyeji, akakusanya data au kuichanganua, kisha akaandika ripoti.

Hoja iliyoutetea mpango huu ilikuwa ya aina mbili. Kwanza, idadi ya watafiti waliotoka katika makundi hayo ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na mzigo wa maradhi uliowaelemea. Pili, iliaminika kwamba mtu aliyekulia katika jamii iliyonyimwa huduma huuliza maswali ambayo mwingine hayamjii. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ni muhimu kusema bayana kwamba tunauzungumzia mpango huu kama sehemu ya historia. Mnamo mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifuta ruzuku nyingi zilizolenga kuwafunza watafiti wa makundi ya wachache, hatua iliyozua kesi mahakamani. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, NIH zilitangaza kusitisha utaratibu wa zamani ambao kwao vyuo vya Marekani viliwagawia washirika wa nchi za nje sehemu ya ruzuku. Hata hivyo, maswali ya lugha yaliyoibuliwa na mipango ya aina hii hayakufutwa pamoja na fedha. Kila mgeni ajaye kutafiti, awe ametumwa na nani, atakutana nayo.

3.0 "Damu Mbaya": Neno Lililoua

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ili kuelewa kwa nini Wamarekani weusi wengi waliuogopa utafiti wa afya, na kwa nini kulikuwa na haja ya kuwavuta vijana wao waingie katika kazi hiyo, hatuna budi kurudi katika Wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, mwaka 1932.

Katika mwaka huo Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwachunguza wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini waliolima mashamba ya wengine. Wanaume 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Shabaha ilikuwa kutazama jinsi kaswende inavyoendelea mwilini hadi kifo iwapo haikutibiwa. Uchunguzi huo ulichukua jina la Tuskegee, mji wenye chuo mashuhuri cha watu weusi ambacho vifaa vyake vilitumiwa.

Wanaume wale hawakuambiwa kwamba walikuwa na kaswende. Waliambiwa kwamba walikuwa na "damu mbaya". Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kutulia na kutazama. Maneno hayo hayakubuniwa na madaktari. Yalikuwa ya wanakijiji wenyewe, nao waliyatumia kuyataja maradhi mbalimbali, pamoja na upungufu wa damu na uchovu. Madaktari waliyachukua kwa sababu ya upana wake. Neno pana liliwawezesha kusema jambo ambalo si uongo mtupu wala si ukweli, na msikilizaji akaondoka akidhani ameelezwa. Aidha, mwaka 1933 walipotaka kuwachoma sindano ya uti wa mgongo ili kutoa maji kwa uchunguzi, jambo lenye maumivu na lisilo na faida yoyote kwa mgonjwa, barua zilizowaita wanaume hao ziliitaja shughuli hiyo kuwa ni matibabu maalumu ya bure.

Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikuwa dawa inayokubalika ya kaswende. Hawakupewa. Uchunguzi uliendelea hadi mwaka 1972, miaka arobaini kamili, ulipofichuliwa na mwandishi wa habari Jean Heller kutokana na taarifa za Peter Buxtun, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa idara ile ile. Mwaka 1974 Marekani ilipitisha sheria ya kitaifa ya utafiti. Kutokana na sheria hiyo ilipatikana Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, iliyoweka misingi mitatu: kuheshimu utu, kutenda mema na kutenda haki. Rais Bill Clinton aliwaomba radhi manusura na jamaa zao tarehe 16 Mei 1997.

Tunajifunza nini? Kwamba lugha ya watu yenyewe inaweza kugeuzwa kuwa kitambaa cha kuwafunga macho. Haitoshi basi kudai kwamba fomu imeandikwa kwa lugha ya mwenyeji. "Damu mbaya" ilikuwa lugha ya mwenyeji.

4.0 Mjukuu wa Alabama Aingiapo Afrika Mashariki

Tuchukulie sasa kwamba mwanafunzi mweusi kutoka Marekani, awe wa mpango huo au wa mwingine unaofanana nao, amefika Afrika Mashariki. Huenda anajua maneno machache ya Kiswahili. Tangu Maulana Karenga alipoasisi sherehe za Kwanzaa mwaka 1966, maneno kama umoja, nia, kuumba na imani yamekuwa yakitajwa katika nyumba nyingi za Wamarekani weusi kila mwisho wa mwaka. Mwanafunzi huyu anajiona amerudi nyumbani. Kwao yeye ni wa wachache. Hapa anatazama kila upande na kuona nyuso zinazofanana na uso wake.

Hata hivyo mama anayeketi mbele yake kwenye benchi la zahanati hamwoni ndugu aliyepotea. Anamwona mgeni kutoka Marekani anayetaka damu. Na katika eneo hili damu ina historia yake. Neno mumiani, ambalo asili yake ni Kiajemi, hapo awali lilitaja dawa nyeusi mithili ya lami. Baadaye, katika masimulizi ya pwani na bara, likaja kuwataja watu wanaodaiwa kuwakamata wenzao na kuwanyonya damu ili itengenezewe dawa. Enzi ya ukoloni uvumi wa namna hiyo uliwahusisha hata wazimamoto, na mwanahistoria Luise White aliuchunguza katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000. White haulizi kama masimulizi hayo ni kweli. Anayasoma kama njia ya watu kueleza uhusiano wao na serikali iliyowachukulia vitu bila kuwaeleza.

Kwa hiyo wawili hawa, mjukuu wa Alabama na mama wa zahanati, wana kumbukumbu mbili zinazofanana za damu iliyochukuliwa bila maelezo. Kufanana huko kungeweza kuwa daraja kati yao. Lakini daraja hilo halijengwi na rangi ya ngozi. Hujengwa na maneno yanayoeleweka. Mwanafunzi asipokuwa na maneno hayo, yeye ambaye babu zake walidanganywa anaweza, bila kukusudia, kusimama mahali aliposimama daktari wa Macon.

5.0 Uchambuzi wa Istilahi za Ridhaa

Katika sehemu hii tunachambua istilahi nne. Sentensi tunazozitoa ni mifano tuliyoitunga wenyewe kwa ajili ya somo.

5.1 Mtafitiwa na Mshiriki

Nomino mtafitiwa imeundwa kutokana na kitenzi tafiti katika kauli ya kutendwa. Kisarufi, mtafitiwa ni mtu anayepokea tendo, hafanyi chochote. Mshiriki, kwa upande mwingine, ni mtenda: ameshika sehemu yake ya kazi na anaweza kuiacha. Tofauti hii si ya vitabuni pekee. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa ulimwengu waliliafiki kwa mara ya kwanza mwaka 1964 ili kuongoza maadili ya utafiti, lilirekebishwa mwezi wa Oktoba 2024, na mojawapo ya mabadiliko yake ni kuacha istilahi inayomfanya binadamu kuwa kitu cha kuchunguzwa na kumwita mshiriki. Kiswahili kilikuwa na maneno yote mawili. Anayetafsiri ndiye anayechagua.

5.2 Kujitolea na Kujitoa

Tazama sentensi hii: "Umejitolea kushiriki na unaweza kujitoa wakati wowote." Kwa mwanafunzi wa mofolojia sentensi hii haina tatizo. Kitenzi toa katika kauli ya kutendea huwa tolea, ambapo konsonanti l iliyokuwa imedondoka hujitokeza tena. Kwa hiyo jitolea ni kufanya jambo kwa hiari, na jitoa ni kuondoka katika jambo. Lakini msikilizaji aliyesomewa fomu haraka, mtoto mgonjwa akilia mapajani, atasikia neno moja likirudiwa. Maana mbili zinazopingana zimetenganishwa na silabi moja tu. Isitoshe, kujitolea humaanisha pia kujitoa mhanga kwa ajili ya wengine, na hivyo humtia mtu haya ya kukataa. Pendekezo letu ni kuyaepuka yote mawili: "Si lazima ukubali. Ukikataa leo, au ukikubali kisha ukabadili nia kesho, utaendelea kutibiwa hapa kama kawaida, na hakuna atakayekukasirikia."

5.3 Daktari na Kupima

Katika Kiswahili, daktari ni tabibu, na pia ni mtu mwenye shahada ya uzamifu. Mtafiti wa takwimu anapojulishwa kijijini kama "Daktari fulani", wanakijiji hujipanga foleni na maradhi yao. Kitenzi pima nacho kina utata. Mgonjwa anayesema "nimekwenda kupimwa" anamaanisha kwamba matibabu yake yameanza. Mtafiti anayesema "tutakupima damu" huenda anamaanisha kwamba damu itapelekwa maabara ya mbali na majibu hayatarudi. Msikilizaji anabaki akingoja dawa. Huu ni ukungu ule ule wa Macon, ingawa safari hii hakuna aliyedhamiria kuusambaza. Afadhali kusema: "Huu ni uchunguzi wa kutafuta elimu, si matibabu yako. Tutachukua damu kiasi cha vijiko viwili vidogo vya chai. Majibu hutaletewa." Vijiko hivyo ni takriban mililita 10, lakini kijiko kinajulikana katika kila jiko, mililita haijulikani.

5.4 Bahati Nasibu

Majaribio ya dawa huwagawa washiriki katika makundi pasipo upendeleo, na tafsiri iliyozoeleka ni "kwa bahati nasibu". Lakini bahati nasibu mtaani ni mchezo wa pesa, wenye mshindi na washindwa. Anayeambiwa kwamba ameingia kundi la kwanza kwa bahati nasibu anaweza kudhani kwamba amepata dawa bora, na wa kundi la pili kwamba amekosa. Ilhali mtafiti mwenyewe hajui ni kundi lipi litakalonufaika. Ndiyo sababu anatafiti. Ni bora kueleza tendo lenyewe: "Makundi ni mawili. Si wewe wala daktari atakayechagua uingie lipi. Ni kama kufumba macho na kuchota karatasi moja katika kopo. Hadi sasa hatujui ni dawa gani kati ya hizi mbili iliyo bora."

6.0 Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Njia inayotumiwa sana kuhakiki tafsiri za utafiti ni tafsiri rejeshi, iliyoelezwa na Richard Brislin mwaka 1970. Fomu hutafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mfasiri wa pili asiyeiona ya awali huirudisha katika Kiingereza, na matini mbili za Kiingereza hulinganishwa. Njia hii ina manufaa yake, lakini ina kasoro moja kubwa. Wafasiri wote wawili ni wasomi. "Bahati nasibu" itarudi salama salimini katika Kiingereza, na kila mtu ataridhika isipokuwa yule mama wa benchi. Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, fomu isomewe watu wachache wa jamii husika kabla ya kuidhinishwa, nao waombwe kuisimulia upya kwa maneno yao. Pale masimulizi yanapopotoka ndipo penye kasoro ya matini, msikilizaji asilaumiwe.

Pili, vyama vya Kiswahili vyuoni vikusanye faharasa ya istilahi za ridhaa pamoja na sentensi za mfano. Kazi hiyo haihitaji maabara wala ruzuku ya ng'ambo.

Tatu, tukumbuke kwamba Kiswahili nacho kinaweza kumfungia mtu nje. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini bibi wa Kilifi huenda anafikiri kwa Kigiriama, na mzee wa Turkana kwa Kiturkana. Ibara ya 56 inadai kwamba makundi ya wachache na yaliyotengwa yawekewe nafasi katika elimu na uongozi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka katika jamii hizo ana lugha ambayo mgeni hataipata kwa wiki kumi. Huyo naye ni mwanafunzi wa kundi la wachache, na anastahili kufunzwa utafiti hapa hapa nyumbani.

Nne, anayefanya kazi ya lugha atambuliwe. Mara nyingi mkalimani hulipwa ujira wa siku na jina lake lisionekane popote katika ripoti. Iwapo tafsiri ndiyo inayoifanya ridhaa kuwa ridhaa, basi mfasiri ni mtafiti. Aketi mezani tangu siku ya kwanza, wakati maswali yanapotungwa, badala ya kukabidhiwa fomu jioni moja kabla ya kazi kuanza.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mpango wa mwaka 1993 ulikusudia kumgeuza aliyekuwa mtafitiwa awe mtafiti. Hilo lilikuwa jambo jema, na kukatizwa kwa ruzuku za namna hiyo ni hasara kwa vijana waliokuwa wakizitarajia. Lakini haki haikamiliki kwa mtu mmoja kuhama kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Hukamilika pale ambapo aliyebaki upande wa pili anaweza kuuliza, akajibiwa, kisha akasema "sitaki" na kurudi nyumbani kwa amani na mtoto wake ametibiwa. Neno hilo moja, sitaki, ndilo kipimo cha fomu yoyote ya ridhaa. Fomu isiyomwezesha mtu kulitamka, hata ikiwa katika Kiswahili fasaha namna gani, ni "damu mbaya" nyingine.

Maswali ya Kudurusu

1. Fafanua jinsi upana wa maana ya neno unavyoweza kutumiwa kuficha ukweli. Rejelea "damu mbaya" na neno moja la Kiswahili ambalo halikujadiliwa katika makala hii.
2. Kwa kutumia mifano mitano, onyesha jinsi kauli ya kutendwa na kauli ya kutendea zinavyoathiri maana katika matini za afya.
3. "Tafsiri rejeshi humridhisha mtafiti kuliko mshiriki." Jadili.
4. Tunga fomu fupi ya ridhaa isiyozidi maneno 150 kwa uchunguzi wa malaria miongoni mwa watoto. Msomee mtu asiyekuwa mwanachuo, umwombe aisimulie, kisha uandike tofauti ulizozibaini.